Kaburi la Saba la Skarrow

Mimi nauza vitabu vikuukuu, na nikikuambia toleo fulani ni bovu, jua ni bovu. Miaka thelathini na moja nimekaa nyuma ya meza ileile hapa Olomouc, kwanza duka likiwa la serikali, halafu likawa langu kwa sababu hakuna mwingine aliyelitaka. Maprofesa wamekuja kubishana nami juu ya sura iliyorukwa au jalada lililobadilishwa, na wengi wameondoka wamefyata mkia. Nilijivunia sana jambo hilo. Ndiyo maana naona haya kuisimulia habari hii, lakini nitaisimulia, maana Blažena Hostková mwenyewe hataisimulia. Yeye alifundishwa kunyamaza na watu walioijua vizuri kazi ya kunyamazisha.

Mara ya kwanza aliingia dukani mwaka wa themanini na nane. Mwanamke mrefu, koti la kijivu, mikono myekundu iliyochubuka kama ya mtu anayeshinda kwenye maji ya moto. Akauliza kama nina *Wajane wa Skarrow*, toleo la mwaka wa sabini na nne.

"Ninalo la themanini na sita," nikamjibu. "La sabini na nne usipoteze pesa yako, mama."

"Kwa nini?"

"Lina kasoro. Mfasiri alikuwa amepiga maji. Pale makaburini, sura ya tisa, kitabu cha asili kina makaburi sita. Yeye kaongeza la saba. Mlevi yule kaona maiti wawili wawili!"

Nikacheka kwa utani wangu mwenyewe. Yeye hakucheka. Alivua kofia yake ya sufu, akaikunja, akaitia mfukoni.

"Nipe hilo la mlevi," akasema.

Kwetu hakuna nyumba isiyo na *Wajane wa Skarrow*. Kiliandikwa na padri mmoja wa Kiingereza miaka mia mbili iliyopita: jumba juu ya jabali, kaka sita waliouana kwa ajili ya urithi, na mwanamwali anayepita makaburini na taa mkononi akisoma jiwe moja baada ya jingine. Upuuzi mtupu, na nimekisoma mara tisa. Kwa Kicheki kuna matoleo matatu. La mwaka wa ishirini na moja limekatwa theluthi nzima. Mfasiri wake aliruka kila ukurasa wenye mvua, na kule kwa Waingereza mvua hainyamazi. La sabini na nne ndilo zuri kwa lugha, linasomeka utadhani liliandikwa hapa hapa mtaani, ila lina lile kaburi. La themanini na sita ni lilelile, limesafishwa, kaburi limetolewa. Mfasiri wa yote mawili, kwa mujibu wa ukurasa wa jina, ni Radovan Sedmík, mwalimu wa Kiingereza wa chuo kikuu chetu.

Basi, tangu siku ile Blažena akawa anakuja kila Alhamisi. Wakati ule vitabu vipya vilitoka Alhamisi tu, nchi nzima siku moja, na watu walipanga foleni toka alfajiri bila hata kujua kitakachouzwa. Serikali ile ya Wakomunisti ilipoanguka foleni zilikufa, lakini yeye aliendelea na Alhamisi yake. Anaketi kwenye ngazi yangu ya rafu, namtilia chai na ramu kidogo, ananisikiliza nikiwasema wateja. Alikuwa msikilizaji hodari. Habari zake mwenyewe nilizijua kwa kudokoa tu. Nilijua alikuwa akifundisha chuo kikuu, kisha mwaka wa sabini akamwaga unga kwa sababu walimletea karatasi inayosema majeshi ya kigeni yaliyotuvamia yalikuja kama marafiki, naye akakataa kuitia sahihi. Nilijua aliingia kwenye chumba cha kufulia cha hospitali na hakutoka mpaka alipostaafu. Hayo hayakuwa maajabu. Miaka ile nusu ya wafuaji na wachochea tanuri wa mji huu walikuwa na shahada nyingi kuliko wakubwa wao. Nilijua pia mume alivuka mpaka kwenda Austria kabla haujafungwa na hakuandika hata barua, na kwamba kulikuwa na mtoto aliyekufa. Juu ya mtoto hakusema. Ila kila ikikaribia Siku ya Marehemu alinunua mishumaa ya vikombe vyekundu, akiacha mfuko wake pale mezani kwangu anapokunywa chai, na mimi nilijitia hamnazo.

Na ule utani wa mfasiri mlevi? Niliusema. Ee, niliusema miaka kumi na mitano, kwa kila mteja aliyeuliza *Wajane*, na mara ngapi Blažena hakuwa ameketi pale pale kwenye ngazi na kikombe mkononi! Nikiwakumbuka wale wateja wakicheka, na yeye anapuliza chai yake, natamani ardhi inimeze.

Vuli ya mwaka elfu mbili na tatu akaja kijana wa Brno, mhariri, jina lake Vilém Prokeš. Namwita kijana, alikuwa na miaka kama thelathini na mitano na upara unaanza. Mtu mpole, miwani minene, viatu vya bei rahisi. Akaniambia nyumba yao ya uchapishaji inaanzisha mfululizo wa riwaya za kale za kutisha, na cha kwanza ni *Wajane*.

"Kila mtu ananiambia niende kwako, mama," akasema. "Nataka toleo la kuaminika. Nichukue lipi niliweke kuwa msingi?"

Si nilivimba! Nikampangia matatu yote mezani kama muuza samaki. Nikampa mhadhara. La ishirini na moja litupe. La sabini na nne lina kaburi la uongo, nikamfungulia ukurasa, nikamwekea kidole: *Hapa amelala Anežka, miaka mitatu na siku tisa. Aliogopa giza. Msizime taa.*

"Mtoto wa kike katikati ya kaka sita wenye ndevu!" nikasema. "Wa nani huyu? Katoka wapi? Ulevi tu."

Prokeš alisoma, akakunja uso. "Ungejuaje bila kulinganisha na asili?"

"Mimi nimelinganisha. Nilikaa na kamusi majira ya baridi mazima. Chukua la themanini na sita, bwana, ulale usingizi."

Akatoa kijitabu chake akaandika. "Jina lako kamili ni Alžběta Koutná? Sitaki kulikosea."

"Hujalikosea," nikasema, na kutwa nzima nilitembea kichwa juu.

Alhamisi Blažena alipokuja nikampa habari hata kabla hajaketi. "Wanachapa *Wajane* upya! Watu wa Brno. Toleo la kuaminika, lenye maelezo na kila kitu."

Akaweka kikombe juu ya rafu. "Mfasiri watamwandika nani?"

"Sedmík. Nani mwingine?"

"Mimi," akasema.

Nilidhani anasema anataka nakala. "Nitakuwekea moja, usijali."

"Běta," akaniita kwa kifupi cha Alžběta, "hunisikii. Aliyefasiri ni mimi."

Nikamtazama. Hakuwa mtu wa mzaha. Akavuta ngazi karibu, akanisimulia, sauti ya chini, kama vile bado kulikuwa na mtu wa kumsikiliza nyuma ya mlango.

Sisi wa umri fulani tunajua mchezo ule. Tuliuita kuezeka: mwenye jina safi anamwezekea paa mwenye jina chafu. Aliyepigwa marufuku anafanya kazi, rafiki aliyebaki kazini anatia jina lake, kitabu kinatoka. Wakikamatwa wanaumia wote wawili. Radovan Sedmík alikuwa na meza jirani na ya Blažena chuoni. Yeye aliitia sahihi ile karatasi, kwa kuwa alikuwa na mke mgonjwa na hakuwa mtu wa ushujaa. Lakini Jumapili moja alikwenda kwa Blažena na kitabu cha Kiingereza amekizungushia kitambaa cha meza, akamwambia, "Wewe fasiri, mimi nitatia jina. Vinginevyo utaoza kule kwenye shuka." Na malipo alimpelekea yote, hakula hata koruna moja. Ni lazima niliseme hilo.

"Nilifasiri kule kazini wakati wa mapumziko, juu ya meza ya kupigia pasi," Blažena akasema. "Na nyumbani, Anežka akilala. Alikuwa halali taa ikizimwa, kwa hiyo ilinifaa, tuliitumia sote wawili taa ile. Februari ya sabini na tatu alipata homa Jumamosi. Jumanne hakuwapo."

Mimi nilikuwa nimeshika birika. Nakumbuka nililiweka chini na nikakosa mezani kidogo, likamwagika.

"Nikarudi kwenye kitabu baada ya wiki mbili," akaendelea. "Sedmík alikuwa ameahidi tarehe, nisingeweza kumwaibisha. Nikafungua. Ilikuwa sura ya tisa. Makaburi. Nikafasiri la kwanza, la pili, yote sita, na kalamu haikusimama. Jina langu lilikuwa marufuku, Běta. La Anežka hakuna aliyelipiga marufuku. Nikaona angalau mmoja wetu aingie."

"Na muswada?"

"Niliutia kwenye tanuri ya hospitali, ukurasa kwa ukurasa. Wangeukuta na mwandiko wangu wangemmaliza Radovan. Kitabu kilipotoka, Alhamisi, nilisimama kwenye foleni toka saa kumi na moja asubuhi kabla ya zamu. Kiliisha watu wawili mbele yangu."

Toba! Miaka kumi na mitano namtania mlevi, na mlevi mwenyewe anakunywa chai yangu. "Mbona hukunizaba kofi?" nikamuuliza. "Mbona ulinyamaza?"

"Ulikuwa unachekesha," akasema. "Na watu walikuwa wanaufungua ule ukurasa kutazama. Kila ulipousema, mtu mmoja zaidi alimsoma."

Nikamuuliza kwa nini hakudai baada ya serikali kuanguka, wakati wenzake wote walikuwa wanarudishiwa majina. Akasema alitaka. Lakini masika ya mwaka wa tisini Sedmík alipooza, upande mzima, na ulimi pia. Alikwenda kumtazama na maua. "Analia, Běta, na hawezi kusema. Nimpe karatasi aitie sahihi kwa mkono upi? Nikasema atapona. Hakupona."

Halafu akakaa wima pale kwenye ngazi, akanishika mkono kwa yale makucha yake mekundu. "Sasa nataka. Nina miaka sabini na moja. Sitaki pesa wala sherehe. Nataka kufungua ukurasa wa kwanza nione Hostková. Mara moja tu kabla sijafa. Utanisindikiza Brno?"

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. *Blažena, mimi ndiye niliyemwambia yule mhariri alitupe toleo lako.* Maneno kumi hayafiki. Nilifungua mdomo, nikasema, "Tutapanda treni ya saa mbili." Nilijidanganya kwamba haina haja. Yule kijana angelinganisha mwenyewe na asili, angeliona. Si kweli? Labda ni kweli. Lakini si sababu niliyonyamazia. Nilinyamaza kwa kuwa nilikuwa mwoga, basi.

Prokeš alitupokea vizuri. Ofisi ndogo, karatasi mpaka dirishani, kahawa yenye machicha chini na maandazi ya jibini. Aliponiona akaanza, "Mama Koutná, kama ulivyonishau—" nikamkatiza pale pale. "Leo mimi msindikizaji tu. Huyu ndiye mwenye neno." Akanitazama, akatuvutia viti. Hata leo sijui alielewa nini.

Blažena akamweleza yote kwa dakika kumi, bila chozi, kama mtu anayesomea darasa. Prokeš akasikiliza, akavua miwani.

"Nakuamini, mama," akasema. "Lakini kuamini hakunitoshi. Mkataba nimeandikiana na mjane wa Sedmík. Una muswada? Barua? Shahidi aliye hai?"

"Nina kaburi," akasema Blažena, akatoa picha mkobani. Ilipigwa makaburini Neředín, Siku ya Marehemu, vikombe vyekundu vinawaka. Jiwe dogo. *Anežka Hostková.* Chini yake tarehe mbili. Prokeš akahesabu kwa kidole, miaka mitatu na siku tisa, akafungua nakala yake ya toleo la sabini na nne, akaweka picha kando ya ukurasa.

"Hii inatosha," akasema mwishowe, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Inatosha kabisa. Hakuna mtu mwingine duniani angeandika hivi."

Nilimwona Blažena anatabasamu. Miaka kumi na mitano nimemfahamu na sikuwa najua kwamba ana jino la pembeni limevunjika.

Prokeš akampigia simu mjane wa Sedmík papo hapo, akatuwekea tusikie, kwa ruhusa yake, akamweleza anachodai Blažena. Nilitegemea mwanamke mchoyo wa kutetea jina la mumewe. Haikuwa hivyo, na afadhali ingekuwa hivyo.

"Najua," ikasema sauti ya kizee kwenye simu. "Najua toka ile Jumapili. Kitambaa cha kufungia kile kitabu si nilikitoa mimi? Bi Hostková yuko hapo? Bi Hostková, unajua mume wangu alifanywa nini kwa ajili ya lile kaburi lako?"

"Sijui, mama," akasema Blažena.

"Sabini na tano mtu alilinganisha vitabu. Wakamwita mbele ya kamati. Amezidisha, amechezea maandishi, ana siri gani, anampelekea nani ujumbe? Angesema neno moja, kwamba si yangu, ni ya Hostková, angetoka. Akasema ni yangu, nilikosea, nilikuwa nimechoka. Wakamwondoa chuoni, wakampeleka kufundisha watoto wa shule Šumperk. Miaka kumi na moja kwenye basi kila asubuhi! Ndiyo maana alipopewa nafasi ya kulisahihisha akalitoa. Na aliponirudia siku ile alilia, akaniambia, nimemzika mtoto yule mara ya pili."

Blažena alikuwa ameshika ukingo wa meza. "Hakuniambia," akasema. "Radovan hakuniambia hata mara moja."

"Hakutaka ujue. Mimi nataka. Haya, jina chukua, ni lako, simnyimi mtu haki yake. Lakini andika kwa mkono wako kwamba lile kaburi lilikuwa kosa, na kosa lako. Liandikwe mwisho wa kitabu. Miaka kumi na moja watu walimwita mume wangu mzembe. Nataka kabla sijafa wasome kosa lilikuwa la nani."

Si haki? Ungemjibu nini?

Prokeš akaandika kwenye mashine yake mistari mitatu, akaichapa, akaisukuma mezani pamoja na kalamu. *Mimi, Blažena Hostková, mfasiri wa kitabu hiki, nathibitisha kwamba kaburi la saba katika toleo la kwanza ni kosa langu, na naafiki liondolewe.* Tena chini yake, nafasi ya sahihi.

Alichukua kalamu. Akasoma. Akasoma tena. Nilimwona anafika kwenye lile neno na kurudi nyuma, kama mtu aliyekuta ngazi imevunjika.

"Liondolewe, sawa," akasema. "Halimo kwenye kitabu cha yule padri, mimi ni mwalimu, najua. Nilifanya nisilopaswa kufanya, nalo lilimuumiza Radovan, nitaliandika hilo kwa herufi kubwa ukitaka. Lakini hapa andika *niliongeza kwa makusudi*. Ondoa *kosa*."

Prokeš akarudia kwenye simu. Sauti ya kizee ikajibu bila hata kuvuta pumzi. "Kwa makusudi! Kwa hiyo alimtia mume wangu motoni kwa makusudi? Hapana. *Kosa*, au basi."

"Mama," Prokeš akamwinamia Blažena, kwa upole, namkumbuka alivyokuwa mpole, "ni neno moja tu. Ukitia sahihi, kesho natuma ukurasa wa jina kwa mpiga chapa. Hostková. Nani atakumbuka hiyo mistari mitatu ya mwisho?"

Blažena akaiweka kalamu chini, sambamba na karatasi, polepole.

"Mwaka wa sabini nao waliniambia ni neno moja tu," akasema. "Tena waliniambia kwa upole hivyo hivyo." Akasimama, akachukua picha yake kwenye meza, akaifuta kwa mkono wa koti. "Anežka si kosa. Sitatia sahihi kwamba ni kosa. Wala sitamwondolea yule bibi haki yake. Andikeni Sedmík. Alililipia."

Nikamwambia, "Blažena, jamani, fikiri!" Nikamvuta pembeni, nikambembeleza, nikamkaripia hata. Kichwa kigumu kama mlango wa kanisa. Simu ilikuwa bado wazi, na kule upande wa pili tulisikia mtu anapumua. Halafu ikakatwa.

Kwenye treni aliketi dirishani akitazama mashamba ya viazi sukari yaliyochimbwa. Nilikuwa na saa nzima na dakika ishirini za kusema langu. Nilisema habari za mafua yangu. Nilisema habari za bei ya kuni. Karibu na Prostějov akaniuliza, "Yule kijana alijuaje kwamba toleo langu la kwanza lina kaburi la ziada? Alikuwa amekwisha kulichagua la pili kabla hatujafika. Lilikuwa mezani kwake, lina alama za karatasi."

"Wahariri wana macho," nikasema.

"Ee," akasema. "Wana macho."

Kitabu kilitoka Aprili. Niliweka nakala kumi mezani, jalada jeusi, zuri kweli, karatasi ya kudumu. Sikuwa nimekifungua. Nikisema nilikuwa sitaki kulikuta jina la Sedmík, nitakuwa nimesema nusu ya ukweli.

Alhamisi Blažena akaja saa zake zilezile. Hakuketi kwenye ngazi. Akachukua nakala ya juu, akavaa miwani, akafungua sura ya tisa, akahesabu kwa kidole, midomo inacheza. Sita. Akaenda ukurasa wa kwanza. *Alifasiri Radovan Sedmík.* Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeitiwa jina la mwenzake kwenye orodha. Nikaanza kupumua.

Halafu akaenda mwisho, kwenye maelezo ya mhariri. Akasoma amesimama, na mimi nikajifanya napanga stempu. Akasoma kwa sauti, sauti yake ya mwalimu, ile ya darasani, ambayo nadhani hakuwa ameitumia tangu mwaka wa sabini.

"*Msingi wa toleo hili ni chapa ya mwaka 1986. Chapa ya mwaka 1974 haiaminiki, maana ina kaburi la saba lililoingizwa na mkono usiojulikana. Kwa tahadhari hiyo tunamshukuru kwa dhati Bi Alžběta Koutná, muuza vitabu wa Olomouc, bila yeye kosa hilo lingeendelea.*"

Akanyanyua macho. Mimi sikuweza kunyanyua yangu.

"Blažena," nikasema. "Nilimwambia kabla sijajua. Nilikuwa sijui, naapa. Na baadaye, baadaye nili..."

"Jina lako wameliandika vizuri," akasema. "Hawakulikosea."

Nikataka kuzunguka meza nimfikie. Akainua kiganja, kidogo tu, nikabaki nilipo. Akafungua mkoba, akatoa pochi.

"Bei gani?"

"Usinifanyie hivyo. Chukua. Chukua zote kumi!"

"Bei gani, Bi Koutná?"

Nikamtajia. Akalipa, akangoja chenji, akakitia kitabu mfukoni mwa koti. Kikombe chake kilikuwa tayari mezani, na ramu nilikwisha kuitia. Alivaa kofia yake ya sufu, akaaga kama wanavyoaga wateja wengine, akatoka. Hiyo ilikuwa Alhamisi ya mwisho. Namwona mara mojamoja ng'ambo ya barabara akipita na mishumaa yake, na kila anayeniuliza toleo la kuaminika la *Wajane wa Skarrow* namwonyesha lile jeusi, kwa sababu ndilo la kuaminika. Nalijua. Jina langu limo.